Unaingia kwa Hiari Yako?

Kazini walimwita Kiguu-na-Njia, na nyumbani hakuna aliyelipinga jina hilo. Alikuwa fundi wa lifti, mrefu, mwembamba, mtu wa kula amesimama na kunywa chai huku akizunguka meza. Ukimkalisha kwenye kochi, muda si mrefu utamkuta amepiga magoti anachungulia kwa nini mguu mmoja wa kochi unayumba. Mkewe alikuwa fundi cherehani, akishona sare za shule kwenye chumba cha mbele cha nyumba yao, na alishazoea kumwambia, "Mume wangu, ukipita hapa tena nitakushonea ndani ya hii sketi."

Siku moja aliitwa kwenye jengo la ofisi. Lifti ilikuwa imekwama kati ya ghorofa mbili, na ndani yake alikuwemo bibi mmoja peke yake. Kiguu-na-Njia alizima umeme wa mashine, akateremka hadi juu ya paa la lifti, akaanza kukagua breki. Chini ya miguu yake alimsikia yule bibi akisali, sauti ikipanda na kukatika kama ya mtu anayeishiwa pumzi.

"Bibi, tulia," alimwambia kupitia tundu la hewa. "Mimi ni fundi, niko hapa juu yako. Hutaanguka."

Sala ikakoma. "Wewe huko juu," bibi akauliza, "unamwamini Mungu?"

"Naamini, bibi. Naamini kabisa."

Alisema hivyo ili bibi atulie, kama daktari wa meno anavyosema haitauma. Na kweli alitulia. Mwenzake aliyekuwa kwenye chumba cha mashine akaizungusha mashine kwa mkono, taratibu, mpaka lifti ikafika kwenye usawa wa mlango. Bibi akatoka, akaushika mkono wa fundi uliojaa grisi kwa mikono yake miwili. "Nilipojua aliye juu yangu ni mtu wa imani, moyo wangu ulitulia," alisema. Kisha akashuka zake kwa ngazi.

Jambo lenyewe likaishia hapo, lakini kwa fundi halikuisha. Alikwenda kwenye jengo jingine kufunga kitufe kipya, akakifunga kichwa chini miguu juu. Jioni alimwambia mkewe, "Leo nimemdanganya bibi wa watu."

Mkewe alisimamisha cherehani na kumsikiliza mpaka mwisho. "Una uhakika ulimdanganya?" aliuliza.

Swali hilo likamkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Mkewe alikuwa anasali kwenye kanisa huru, watu wasiozidi mia hivi waliokodi ukumbi juu ya duka la samani. Kiguu-na-Njia alikuwa akimsindikiza hadi chini ya ngazi, kisha anatokomea. Jumapili iliyofuata alipanda naye. Ukumbi ulinuka vanishi iliyopanda kutoka dukani, viti vilikuwa vya plastiki, na feni ya dari ilikuwa inagonga. Katikati ya mahubiri alitoka mara mbili. Mara ya tatu alipotaka kutoka, mkewe alimshika mkanda wa suruali.

Mchungaji wa pale aliishi kwa kufundisha udereva. Siku za wiki alikaa kando ya watu wanaotetemeka, mguu wake ukiwa kwenye breki ya pili, na labda ndiyo maana hakuwa mtu wa papara. Ibada ilipokwisha, Kiguu-na-Njia alimfuata huku akichezea funguo zake.

"Mchungaji, nina maswali. Kwanza, bosi wenu ni nani? Askofu wenu yuko wapi?"

"Hatuna askofu, wala hatuko chini ya serikali. Mambo ya kanisa tunayaamua wenyewe, kwenye mkutano wa washirika wote. Ndiyo maana tunaitwa kanisa huru. Siku nyingine tunabishana mpaka chai inapoa."

"Mke wangu ni mshirika. Na mimi si nimeshaingia, basi?"

Mchungaji akacheka. "Huku hakuna kuingia kwa tiketi ya mke. Kila mtu anaingia kwa mdomo wake."

"Nitasimama mbele ya watu nitaje dhambi zangu?"

"Hapana. Hizo kamalizane na Mungu, na uliowakosea. Sisi tutakuuliza tu kama unamwamini Kristo, na kama unataka kumfuata pamoja na sisi."

"Na mtu mwenye mashaka?"

"Tukiwaondoa wenye mashaka, hata wa kufunga madirisha atakosekana."

Fundi alitabasamu, lakini swali la mwisho ndilo lililokuwa limemleta, na alilitoa akitazama sakafu. "Na mtu aliyebatizwa akiwa mtoto mchanga, mnambatiza tena?"

Mchungaji alivuta kiti cha plastiki akaketi. Alisema wao hubatiza mtu anayejiombea mwenyewe, akiwa na akili zake. Wako waliobatizwa wachanga ambao dhamiri zao zimetulia, nao hupokewa hivyo hivyo. Wako waliotaka kubatizwa wakiwa watu wazima, nao wakabatizwa. "Hilo siwezi kukuchagulia," alisema. "Kwani wewe lako likoje?"

Lake lilikuwa mama yake.

Mama yake alikaa chumba cha nyuma cha nyumba ya mwanawe. Magoti yalikuwa yamemchoka, lakini hakukosa ibada kwenye kanisa la zamani la mawe. Alimlea mwanawe peke yake, kwa kufua nguo za watu, na tangu Kiguu-na-Njia akiwa mdogo alikuwa akimwambia, "Wewe ni mtoto wa ubatizo, usijishushe." Sasa akabatizwe tena, mtu mzima na ndevu zake? Ingekuwa sawa na kumwambia mama kwamba alichomfanyia zamani hakikuwa kitu.

Wiki zikapita akiwa hivyo. Alichaji simu bila kuwasha swichi. Alianza kupaka rangi mlango wa bafu, akauacha nusu nyeupe nusu kijani. Kazini mwenzake alimuuliza kama anadaiwa na mtu.

Siku moja mchana alimkuta mama yake amekaa uani, anachambua mboga kwenye sinia. Akavuta kigoda, akakaa, akasimama, akakaa tena.

"Sema tu, mwanangu," mama alisema bila kuinua macho. "Unanitia kizunguzungu."

Akasema. Alieleza habari za bibi wa kwenye lifti, za ukumbi, za mchungaji wa udereva. Alipofika kwenye ubatizo maneno yalimgomea, akayasukuma hivyo hivyo. "Sitaki uone kama nakudharau, mama. Najua ulinibatiza. Nikiukataza moyo, unakataa. Nikitaka kwenda, nakuona wewe."

Mikono ya mama ikasimama juu ya majani.

"Hukubatizwa," alisema.

Kiguu-na-Njia alidhani hakusikia vizuri.

"Nilikupeleka. Kasisi wa wakati ule aliuliza baba yako yuko wapi. Nikasema sijui, na kweli sikujua, alishaondoka. Akasema mtoto wa nje hambatizi mpaka mambo yangu yakae sawa. Watu walikuwa wamejaa pale nje. Nikakubeba nikarudi nyumbani." Alikung'uta jani moja, akalirudisha kwenye sinia. "Usiku ule ulikuwa na homa. Niliogopa. Nikachota maji kwa bakuli, nikakumwagia kichwani mwenyewe, nikasema yale maneno kama nilivyowahi kuyasikia. Sijui kama yanahesabika. Watu nikawaambia umebatizwa. Na mimi mwenyewe tangu siku hiyo nakaa benchi la nyuma. Mezani pa Bwana sijasogea."

Sasa mengi yakamrudia fundi. Kila darasa la kipaimara lilipoanza, mama alikuwa na sababu: mara viatu hakuna, mara nguo za wateja zinamsubiri. Na siku alipotaka kuoa, ni mama aliyesema ndoa ya serikali haina gharama, nayo haikudai cheti cha ubatizo. Alitaka kukasirika, lakini kila alipomtazama aliona binti aliyebeba mtoto akipita katikati ya watu, na hasira ikakosa pa kushika.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia ukiwa na umri gani?" mama akauliza.

Kisha akasema jambo ambalo mwanawe hakulitarajia. "Nenda kabatizwe. Nitakuja. Nataka nione ukibatizwa mchana, mbele za watu, na hakuna wa kutufukuza."

Kwa hiyo siku ikapangwa. Kanisa liliazima bwawa la kuogelea la shule moja ya jirani. Mke alimshonea mumewe kanzu nyeupe, akaweka vipande vizito vya madini ya risasi kwenye pindo ili isielee. Mama alikalishwa kiti cha mbele, taulo mapajani, amevaa gauni lake la sikukuu. Kiguu-na-Njia aliingia majini hadi kifuani. Hakuwa amelala vizuri.

Mchungaji akamuuliza kama wanavyoulizwa wote, "Unaingia kwa hiari yako?"

Ilikuwa rahisi kusema ndiyo. Aligeuka akamwona mama ameinuka nusu kutoka kwenye kiti, shingo imenyooka, midomo yake ikitamka jibu kabla yake. Hapo akajua kwamba akisema ndiyo, atakuwa amesema ili mama atulie, kama alivyomtuliza yule bibi.

"Mchungaji," alisema, na sauti yake ilisikika bwawa zima, "leo naona naingia kwa hiari ya mama."

Mtu mmoja akakohoa. Mchungaji akamshika bega. "Basi toka, usije ukapata mafua bure. Maji yatakuwepo."

Mama hakumpa taulo. Alimkabidhi mkwewe taulo hilo, akageuka na kuondoka zake. Njia nzima hakusema neno, na siku kadhaa baadaye alikuwa anamjibu mwanawe kwa "mm" tu. Kiguu-na-Njia alijiona mtu wa ajabu: ameshindwa kumfurahisha mama, ameshindwa kumfurahisha Mungu, na ndani ya nyumba yake mwenyewe anapita akinyata kama mgeni.

"Umefanya vizuri," mkewe alimwambia huku akipasi kola. "Ila umefanya vibaya mbele za watu wengi. Vumilia."

Aliyevunja ukimya alikuwa mama. Alimwita chumbani mwake. "Nilikasirika," alisema, "kwa sababu ile aibu ni yangu, na nilitaka wewe unifulie. Nimefua za watu maisha yangu yote, na hii niliitafutia dobi." Akacheka kidogo, kicheko kikavu. "Kesho nipeleke kwa kasisi."

Kasisi wa sasa alikuwa kijana, hajafika hata umri wa fundi. Fundi aliachwa nje kwenye ukumbi mdogo, akaunyoosha mlango wa kabati uliokuwa umelegea bawaba bila kuombwa. Mama alipotoka macho yalikuwa mekundu.

"Amesemaje?"

"Ameniomba radhi. Yeye, mtoto mdogo vile, kwa kosa la mtu aliyekwishakufa." Alijifuta uso kwa ncha ya khanga. "Halafu akaniuliza nilikuwa nasubiri nini miaka yote hii. Nikamwambia nilikuwa nasubiri mtu aniite."

Jumapili hiyo mama alitoka benchi la nyuma, akatembea taratibu na magoti yake mpaka mbele, akapokea Meza ya Bwana.

Baada ya hapo Kiguu-na-Njia alibaki na swali lake peke yake, na bila mama wa kumbebesha likawa zito zaidi. Alijigundua anaongea na Mungu akiwa ndani ya shimo la lifti, maneno mafupi, mengine ya malalamiko, na hakukuwa na mtu yeyote pale wa kutulizwa. Kuna siku aliona kama anaongea na ukuta. Siku nyingine alinyamaza katikati ya sentensi kwa sababu alihisi anasikilizwa, na nywele zikamsimama.

Alimfuata mchungaji kwenye uwanja wa mafunzo, akaingia kwenye gari la shule ya udereva wakati hakukuwa na mwanafunzi.

"Nimekuwa nasubiri moyo utulie ndipo nije," alisema. "Hautulii."

"Nani alikuambia utatulia?" mchungaji akauliza. "Mimi nimehubiri miaka yote hii, na Jumamosi usingizi sipati. Swali ni moja tu, na unalijua."

Alibatizwa Jumapili ya kawaida, siku ya mvua, watu wachache wakiwa na miavuli. Mama yake alikuwa kanisani kwake. Mchungaji alipouliza, Kiguu-na-Njia alijibu, "Kwa hiari yangu. Maswali ninayo bado, lakini ninayeingia ni mimi." Akazamishwa, akatoka akipiga chafya. Mkewe alilia mpaka akasahau kumpa taulo.

Siku hizi Jumapili asubuhi humshusha mama kwenye kanisa la mawe, kisha yeye na mkewe wanaendelea hadi juu ya duka la samani. Mchana wanakutana mezani, na hapo ndipo kazi inapoanza.

"Mmeambiwa nini huko kwenu?" mama huuliza, na kabla hajajibiwa anageukia jambo lake. Mkewe fundi ni mjamzito, na mama ameshasema wazi kwamba mjukuu wake atabatizwa akiwa mchanga, kwa kasisi yule kijana, akiingizwa kwa mlango wa mbele.

"Mama, sisi tunangoja mtoto akue aombe mwenyewe."

"Na akipata homa?"

Kiguu-na-Njia akasimama, akaizunguka meza. Akamtazama mkewe, ambaye alikuwa anapakua chakula kana kwamba hasikii.

"Tutamuuliza mchungaji," alisema mwishowe.

"Muulize," mama akajibu, akivuta sahani yake. "Na mimi nitamuuliza wa kwangu."