Hati ya Minazi Kumi na Mmoja

Nilikosea: niliandika kesi nzima bila kuongea na mwenye kesi. Nalisema kosa hili mapema kwa sababu nikilificha halitanipa usingizi.

Shahada ya sheria niliisoma kwa masafa, peke yangu, chumbani Kilindoni, kisiwani kwetu. Nikaenda Dar es Salaam kwa mafunzo ya uwakili, na wakati wa mazoezi nikarudi nyumbani, chini ya wakili mmoja mwanamke asiyecheka ovyo. Kesi yangu ya kwanza ilikuwa ya bibi mjane wa Kirongwe, aliyekatazwa na jirani yake kuangua nazi. Kwa maelezo mafupi ya wakili tu nikaandika hati ya madai. Niliiandika upya mara tisa. Hadi nafasi kati ya mistari niliipima.

Asubuhi ya kuipeleka mahakamani bibi alikuja ofisini, na wakili akaniambia, "Msomee kwanza mwenyewe."

Nikasoma mpaka nikafika "mmiliki halali wa ardhi".

"Ardhi ya nani, mjukuu wangu?"

"Yako, bibi."

"We! Usinitie dhambini. Ardhi ni ya huyo huyo jirani yangu. Mimi nadai minazi yangu kumi na mmoja. Marehemu mume wangu aliipanda, baba wa jirani akiwa radhi. Kwani wewe mtu wa wapi?"

"Wa Kirongwe."

"Kirongwe ipi? Au kwenu nazi mlikuwa mnanunua?"

Wakili alicheka. Masikio yangu yaliwaka moto. Kila mtoto wa kwetu anajua ardhi yaweza kuwa ya huyu na minazi ya yule. Nilijua hata mimi, ila vitabuni sikuikuta desturi hiyo, nikaiacha. Bibi angeulizwa kuhusu ardhi mahakamani, angekana, na minazi yake ingepotea.

Nikachana kurasa zote. Nikavuta kiti karibu naye, nikauliza nani alipanda, nani aliona, nani ameangua miaka yote, nikaandika alivyosema, kurasa mbili tu. Wakili akasoma, akaongeza mkato mmoja, akasaini. Jirani aliposomewa hakubisha. Wakapatana mbele ya hakimu, na bibi akarudishiwa minazi yake yote.

Hakuna alama ya mtihani iliyowahi kunipa fahari kama kurasa zile mbili. Siku ya kuapishwa, nimevaa joho, mama alilia, nami nilikuwa nakagua kama ukosi umekaa sawa.

Wasiwasi bado ninao. Ila sasa siandiki neno la kwanza kabla mteja hajamaliza kuongea.