Mwoga Aliyepima Magari Mawili

Kaka yangu Mahat alikuwa mwoga, na mji mzima wa Garissa ulijua. Walimwita Mahat Absi, na absi kwa Kisomali ni hofu. Kwetu kasoro ya mtu hubandikwa iwe jina lake. Kiwete huitwa Kiwete mbele ya watoto wake, naye huitika. Mahat alipata lake siku tairi la lori lilipopasuka nje ya Mandera. Alidhani ni bunduki, akaruka nje na lori likiwa bado linatembea. Lori lilijisimamia lenyewe mchangani, bila hofu yoyote. Tangu hapo aliendesha gari la maji, polepole, na watu wakaendelea kumcheka. Hata mimi nilimcheka, maana ni kaka yangu na nina haki.

Mwaka wa tisini na sita, Duale alileta magari yake mawili. Duale ni mtu wa ukoo wetu, na alikuwa akipeleka miraa Dagahaley, kwenye kambi ya wakimbizi. Miraa haina subira. Ikifika jioni imenyauka, na mnunuzi anakugeuzia mgongo. Isitoshe, kwenye barabara ile ya mchanga walijificha majambazi wenye bunduki, na gari la kujikokota lilikuwa halali yao. Basi Duale alitaka gari la mbio. Alinunua gari ndogo mbili kuukuu, Pijo na Datsun, akampa fundi Olow kazi ya kuzitia nguvu mpya. Dereva alikuwa ameshamchagua: Abdihafid, mwanangu wa pekee. Usingizi ukanihama.

Kibanda changu cha chai kilitazamana na gereji ya Olow, kwa hiyo niliyaona yote. Pijo nyeupe alipanua silinda zake, akaitia kabureta mbili badala ya moja, na ekzosi nene iliyonguruma hadi vikombe vyangu vikatikisika. Datsun ya bluu aliitoa injini yake nzima, akaipachika nyingine kubwa kutoka gari lililochakaa Japani, yenye turbo, kile kidude kinachoisukumia injini hewa kwa nguvu. Kila alasiri waliyashindanisha uwanjani nyuma ya mji. Datsun ilitangulia daima, na Pijo ikala vumbi.

"Hooyo, ukikanyaga hii ya bluu, kifua yako inabaki nyuma!" Abdihafid aliniambia mimi mama yake, macho yakiwaka.

Vijana wa wenzangu walizungumza habari za kuoa. Wangu alizungumza habari za turbo.

Lakini Duale hakuwa mjinga. "Nyinyi mnapenda gari kuliko miraa yangu," aliwaambia. "Ya kwanza ina mbio, ya pili ina mbio zaidi, sawa. Ni gani itaenda na kurudi? Niitieni Absi. Gari ambayo Absi hataiogopa, hiyo ndiyo yangu."

Wanaume walicheka hadi chai yangu ikamwagika. Mahat alipokuja na kuambiwa, jasho lilimtoka hadi kwenye nyusi. Nilidhani atakataa. Alimtazama Abdihafid, kisha akasema, "Nitaendesha. Lakini na mzigo kamili, na barabara ya Dadaab yenyewe, ya kambini. Si uwanjani."

"Na mimi naenda," nikasema.

"Mulki, hii si arusi," Duale akanijibu.

"Mwanangu atakaa humo kila siku. Nami nikae leo."

Hakuna aliyenibishia, kwa sababu wote walikuwa wanakunywa chai yangu kwa mkopo. Nikaingizwa kiti cha nyuma katikati ya magunia ya sukari yaliyowekwa badala ya miraa, shehena kama shehena nyingine.

Asubuhi tulikwenda na Pijo. Niliogopa, sisemi uongo. Mji ulipotupotea nyuma, Mahat alikanyaga mafuta, na vichaka vikaanza kukimbia pembeni yetu. Midomo yake haikuacha kusoma dua. Kisha akafanya jambo ambalo wale mabingwa wa uwanjani hawakulifanya hata siku moja: akakanyaga breki, kwa nguvu, na magunia yakanijia mgongoni. Gari likasimama. Akalikimbiza tena, akalisimamisha tena. Alifanya hivyo mpaka nikamtukana. Tulirudi salama, mimi na kiuno kinachouma.

Alasiri ikawa zamu ya Datsun. Mwanzoni ilikuwa kimya, hata nikaanza kuipenda. Mara ule mluzi wa turbo ukaanza, gari likavuta pumzi na kuturusha mbele, na nikajikuta nimeshika bega la kaka yangu kwa kucha. Hatukuwa tunaendeshwa, tulikuwa tunatupwa. Nilifikiria Abdihafid akiketi pale mbele, anacheka. Mahat akakanyaga breki. Gari lilisimama, ila kwa kusitasita. Akalikimbiza na kulisimamisha tena, na safari hii harufu ya kuungua ikaingia ndani.

"Mahat, basi turudi," nikamwambia. "Umeshaona."

"Mara moja tu, abaayo, dada yangu. Mwanao atasimama zaidi ya mara mbili."

Tulikuwa tumeshika kasi ngamia walipotokea mbele, kundi zima, wakivuka bila haraka, na mwanamke mchungaji akiwa katikati yao na kiriba cha maji begani. Mahat alikanyaga. Nilimwona akikanyaga, goti lilinyooka, na pedali ikazama hadi chini bila kushika kitu. Nilipiga kelele ambazo sikuzijua kuwa ni zangu. Alishusha gia, injini ikalia, akashusha nyingine, kisha akauvuta usukani na kututoa barabarani. Miiba ilikwaruza madirisha, mchanga ukatufunika, na gari likazama na kukwama.

Ngamia walitutazama wakaendelea kutafuna. Yule mwanamke alikuja hadi dirishani kwa hasira. "Mnakimbizwa na nani?" akauliza. Mahat alishuka, akaketi mchangani na kulia mbele yetu.

Wapita njia walitukwamua, tukarudi polepole kwa gia ya kwanza. Tulipofika gerejini, kitu cha kwanza Olow alichokiona ni rangi iliyokwaruzwa. Mahat akamwambia polepole, "Injini yako ni nzuri, wallahi. Ya Pijo haiifikii. Lakini umeweka injini ya simba, breki umeacha ile ya zamani, ya injini ndogo. Ikipata moto inakufa. Ile Pijo mbio yake inalingana na breki yake."

"Breki iko mzima!" Olow akafoka. "Imepoa, njoo ukanyage. Wewe umeikanyaga kwa hofu."

Alikanyaga mwenyewe mbele ya watu, na kweli pedali ilikuwa ngumu, kwa sababu ilikuwa imeshapoa. Wanaume wakacheka. Abdihafid alichukua ufunguo wa Datsun kutoka mkononi mwa mjomba wake. "Abti, mimi sitakanyaga breki mara nyingi hivyo," akasema, akautia mfukoni. Duale aliutazama uso wa kijana wangu, akautazama wa kaka yangu, akasema Datsun itaondoka Jumamosi.

Usiniulize jinsi nilivyokuwa. Nilimsihi Abdihafid akaniambia nisimwaibishe. Nilimfuata Duale akaniambia majambazi hawangoji gari la pili kwa mbio. Nikaenda kwa Mahat. Nilimkuta anaosha gari lake la maji, nikamwambia, "Wewe unajua. Fanya kitu, au nitalala barabarani Jumamosi anipite juu."

Ijumaa baada ya sala, wanaume wa ukoo waliketi kivulini kando ya msikiti. Mimi nilisimama nyuma ya ua wa miti. Mahat alisimama katikati yao.

"Mimi ni Absi. Naogopa, kila mtu anajua. Juzi nilikaribia kuua mwanamke wa ukoo mwingine, simjui hata jina. Ningemuua, nani angelipa?"

Kicheko kilichokuwa kimeanza kikakatika. Kwetu mtu akiua, hata kwa ajali, halipi peke yake. Ni ukoo mzima unaochanga ngamia wa fidia, maskini na tajiri, na wengi pale walikuwa wamezika nusu ya mifugo yao kwa ukame.

"Hii gari itaua," Mahat akaendelea. "Leo au mwezi ujao. Ngamia wa kulipa ni wenu. Kila mmoja aniambie sasa atatoa yupi."

Hakuna aliyetaja ngamia. Badala yake wote walimgeukia Duale. Mzee mmoja wa ukoo akamwambia wazi kwamba akiituma Datsun na breki zile, damu itakayomwagika ataibeba yeye na watoto wake, ukoo haumo. Duale alivaa viatu vyake akaondoka bila kuaga. Jumamosi asubuhi Abdihafid aliondoka na Pijo.

Mwanangu aliacha kusema na mjomba wake. Alimpita kama kigingi. Kwangu alikuja kula, akainuka. Nami sasa nilikuwa na hofu nyingine: je, kama majambazi ndio watakaompata, kwa sababu nilimnyima gari la kuwakimbia? Kila alasiri Mahat alikuja kuketi nami kibandani, tukingoja. Alinunua chai asiyoinywa.

Siku moja Pijo ilichelewa. Vivuli vilirefuka, wateja wakaondoka, nami nikavunja vikombe nikiviosha. Mahat alikuwa kijivu usoni. "Ni mimi," alisema. "Ni mimi niliyemweka kwenye ile ya pole." Kusema kweli, nilikuwa karibu kumlaani.

Kisha ngurumo ile ya ekzosi ikasikika. Abdihafid alishuka, vumbi tupu, akaja hadi kwenye mtungi. Kata ilimgonga menoni, maji yakamwagikia kanzu. Aliniambia bila kunitazama kwamba karibu na kambi ya Hagadera mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alikuwa ameinama katikati ya barabara, akiokota kuni zilizomwanguka. Gari lilisimama. Alipoinua kichwa, bampa la mbele lilikuwa karibu limguse. Abdihafid alishuka akamsaidia kuokota kuni, kisha hakuweza kuendesha kwa muda mrefu.

"Ningekuwa na ile ya bluu," akaanza, akanyamaza.

Alikwenda akaketi kwenye mkeka karibu na Mahat, bega kwa bega, akajifunika uso.

"Abti," akasema, "nimeogopa."

Mahat akamshika mkono, akamsogezea chai yake ambayo hakuwa ameinywa.