Mama Joan na mabamba ya bunduki za zamani

Mvua imeacha matope mpaka mlangoni, lakini Eucabeth Aoko hana habari nayo. Ameinama karibu na dirisha, kioo cha kukuzia kikiwa jichoni. Mbele yake, kwenye vaisi, kumebanwa bamba la chuma lisilozidi kiganja cha mtoto. Anagonga patasi kwa nyundo ndogo, polepole, na unyoya mmoja unatokea kwenye bawa la bata.

Anapuliza vumbi la chuma. Anapaka masizi ili mikato ionekane, kisha anatikisa kichwa.

"Huyu bado hajaruka," anasema. "Amekaa tu kama kuku."

Bamba hilo limetoka ubavuni mwa bunduki ya kuwindia ndege, iliyotengenezwa Uingereza zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Mafundi wa huko walizipamba kwa picha: bata wakitoka matetani, mbwa akinusa nyasi. Mikono ya watu imezishika mpaka picha zimefutika. Kazi ya Eucabeth, mwenye miaka 41, ni kuzirudisha.

Bunduki zenyewe hazifiki hapa Kapkatet. Wenye leseni humletea mabamba peke yake, na malipo ya jozi moja hushinda alichokuwa akipata kwa miezi miwili ya kuchuma majani chai.

Ufundi huu aliupata kwa baba yake, Lazarus Owiti, aliyetoka Nyakach, karibu na ziwa, kuja kufanya kazi katika karakana ya shamba moja la chai Kericho. Owiti alifundishwa na fundi Mwingereza. Binti yake alikuwa akimaliza kupima majani, anakwenda kukaa naye.

"Alinipa vipande vya jembe lililovunjika," anakumbuka. "Aliniambia, chuma hakina raba. Ukikosea, umekosea."

Owiti alifariki mwaka 1990. Mwaka uliofuata, Mzee Gibson Kipkemoi, mkulima wa chai wa Kapkatet, alikuja kumtafuta na mabamba ya bunduki yake, asijue kwamba amekufa. Alikutana na Eucabeth.

"Nilimwambia, baba yako ndiye alikuwa fundi. Wewe ni mchuma chai," anasema Mzee Kipkemoi, akicheka. "Baadaye akaniletea kwale amemchora kwenye kipande cha jembe. Nikaona mpaka kucha. Nikampa mabamba yote mawili."

Kazi ilikuwa katikati wakati machafuko ya kikabila ya mwaka wa uchaguzi, 1992, yalipofika. Nyumba zilianza kuchomwa, na watu wa kutoka upande wa ziwa, kama yeye, wakakimbilia kanisani. Eucabeth alitoka na watoto wake wawili na mkebe wa kakao. Cherehani aliiacha. Ndani ya mkebe mlikuwa na mabamba ya Mzee Kipkemoi, yamefungwa kwa kitambaa chenye mafuta.

"Vitu vyangu ningetafuta vingine," anasema. "Hivi vilikuwa vya mtu."

Alichokuwa hajui ni kwamba vijana waliokuwa wakichoma nyumba walikuwa wamefika kwa mzee huyo wakidai bunduki. Katika bunduki za aina hiyo, mabamba ndiyo hushikilia mtambo wa kufyatulia.

"Niliwaletea," anasimulia Mzee Kipkemoi, na sasa hacheki. "Wakaona ubavuni ni matundu matupu. Wakanitukana, wakaenda. Kama ingekuwa nzima, sijui ningewakatalia namna gani. Na ingeenda kuua nani? Watu wa huyu mama."

Majirani walimwambia mzee asahau mabamba yake, yamekwisha kuuzwa. Huko Nyakach, Eucabeth alikokimbilia kutoka kanisani, kaka yake, Kepher, naye alishangaa kumwona dada yake akifunga safari hali ilipotulia kidogo.

"Unamrudishia nani?" alimuuliza. "Watu waliokuchomea nyumba?"

"Namrudishia Mzee Kipkemoi. Yeye hajanichomea."

Alimkuta mzee shambani, katikati ya michai.

"Hakunisalimia," anasema Eucabeth. "Aliangalia mkebe, akaangalia viatu vyangu. Akamwita mke wake, Mama Rebeccah, alete chai. Halafu ndipo akasema, 'Kazi haijaisha, Mama Joan. Utamalizia wapi?'"

Nyumba ya Eucabeth ilikuwa majivu. Mzee akamfungulia chumba nyuma ya duka lake hapa kwenye senta ya maduka. Wapo waliomnunia kwa sababu hiyo, na kwa muda mrefu duka lake halikuingia watu wengi. Hakumtoa. Eucabeth alimaliza yale mabamba, na sifa zake zikafika hadi Nairobi.

Siku hizi Joan, bintiye mwenye miaka kumi na tisa, huketi kando yake akikata mapambo ya pembeni. Mama mtu anataka wahamie Kericho mjini, kwenye chumba chenye madirisha mawili, kila mmoja awe na mwanga wake. Ameshazungumza na mwenye nyumba.

Lakini uchaguzi ni mwezi ujao, Desemba 2007, na Kepher ametuma ujumbe tena: warudi Nyakach kabla ya kura. Eucabeth hamlaumu.

"Anaogopa. Hata mimi naogopa, nisikudanganye," anasema. "Lakini jana nimepokea kazi ya mtu wa Nakuru. Ameniuliza aje lini kuichukua. Nimemwambia aje Januari, atanikuta hapa."