Chai ya Ramesh na chai ya Tariq

Jamani, chai ya watu inakataliwaje bila kuanzisha vita?

Leo India na Pakistani wanacheza kriketi. Bosi wangu Ramesh, Mhindi, kawasha tivii dukani hapa Makambako. Jirani yetu Tariq, Mpakistani muuza spea, kaja na chupa yake ya chai.

Wakanikalisha katikati.

"Dada Upendo, wewe huna upande. Chai ya nani tamu?"

Nikasema zote. Hawataki!

Sasa mimi nimelelewa Kitandililo, chai ya watu unaimaliza. Namaliza ya Ramesh, Tariq anajaza. Namaliza ya Tariq, Ramesh anajaza. Kumbe kwao kikombe kitupu maana yake ongeza!

Mkojo umenibana, na Tariq kakaa mlangoni.

Nikajitetea: "Tamu kuliko zote ni ya mama yangu."



Ramesh akacheka. "Ile ya maji matupu, bila maziwa?"

"Na sukari nusu kopo!" akadakia Tariq.

Tariq akatoka mlangoni, wakagongeana mikono kama ndugu.

Nikapandwa na hasira. "Majani mnayochemsha yametoka Njombe yetu!"

Wakajibu kwa pamoja: "Sasa nyie mnashindwa nini?"

Naandika haya nikiwa chooni. Wananiita. Wamechemsha nyingine, safari hii wamepika pamoja.