Maji Chini ya Nailoni

Mpaka leo nikimwona mtu anachota mchanga pwani kwenda kujengea, damu inanichemka. Sakafu ya chumba cha mama, katika nyumba yetu ya hapa mjini Masoko, ilimwagwa kwa mchanga huo huo, kwa sababu uko karibu na hakuna anayeuliza. Chumvi haikauki. Kila masika sakafu ile ilitoa jasho, mikeka ikaoza upande wa chini, na kifua cha mama kikawa hakitulii.

Mama amepooza mguu mmoja. Hujivuta kwa makalio, mkono mmoja mbele, na hataki kushikwa. Sakafu ndiyo barabara yake. Kaka yangu aliyeko Dar alinipigia simu akasema maneno mafupi: Ramadhani ikikuta chumba bado kina unyevu, anakuja kumchukua. Mama alipoambiwa alisema haondoki nyumbani kwake akiwa hai, akageukia ukutani. Nikaapa moyoni kwamba hachukuliwi mtu.

Nilimleta fundi kutoka Tingi, nikamsimamia kama askari. Alibomoa sakafu yote, akachimba, akashindilia kokoto, akatandika nailoni nzito ya kuzuia maji ya ardhini, kisha akamwaga zege la mchanga wa mtoni. Akasawazisha kwa pima maji, na mimi nikapita nyuma yake nikikagua, na nilipoona pamebonyea nilimrudisha. Bafu limepakana na chumba, na maji yake yalikuwa na tabia ya kuchuruzika kuja ndani. Nikaamuru lijengewe kizingiti mlangoni, kirefu, cha kufika nusu ya goti.

"Dada, hiki si kirefu mno?" fundi aliuliza.

Nikamwambia nyumba si yake.

Zege lilipokomaa mama alirudi chumbani, tukawa tunasubiri likauke sawasawa ndipo tupange marumaru. Chooni, humo bafuni alikozoea kujivuta mwenyewe, sasa nilimpeleka mimi, asubuhi na jioni, nikimnyanyua kuvuka kizingiti. Alikuwa akifumba macho kila nikimbeba. Mimi niliona ni uchovu.

Fundi alinionyesha namna ya kupima unyevu. Unatandaza kipande cha nailoni juu ya sakafu, unakibandika selotepu pande zote nne, kesho yake unafunua. Kukiwa kukavu, panga marumaru. Tuliweka kwenye kona ya kitanda, pale palipokuwa pabaya siku zote. Nilifunua, nikakuta matone. Wiki iliyofuata, matone tena. Mara ya tatu zilikuwa zimebaki siku tisa Ramadhani iingie, na nailoni ilikuwa imelowa hata ukiikung'uta inachuruzika.

Nilimwita fundi nikamshukia pale pale mbele ya mama.

"Umeniwekea mchanga wa pwani!"

"Dada, mchanga uliuonja mwenyewe kwa ulimi."

Ni kweli niliuonja, gari zima, konzi kwa konzi, majirani wakinicheka. Hilo likanizidishia hasira.

"Basi haya maji yanatoka wapi?"

"Chini kuna nailoni, hayawezi kupita. Haya yanatoka juu."

"Juu wapi? Mvua imenyesha chumbani?"

Nikamwita mwongo, nikamwita mwizi wa saruji, nikamtoa nje. Akaenda kukaa barazani.

Adhana ya adhuhuri ikalia. Mama akaingiza mkono uvunguni akavuta birika, akalijaza kutoka ndoo ya maji ya kunywa. Akateremka kitandani, akakaa kwenye kona ile ile, akakunja mikono ya nguo na kuanza kutawadha. Maji yakamwagika juu ya zege langu. Hayakutuama hata kidogo. Sakafu iliyanywa yote akiwa bado anaosha mguu.

Mara tano kwa siku. Nimekulia nyumba ya Kiislamu, adhana naisikia kama wengine, na majuma yote yale sikujiuliza hata siku moja mama anatawadhia wapi.

Nilimpigia kelele mama yangu mzazi. Sijawahi, na naomba nisirudie tena. "Kwa nini hukuniita? Mimi si nipo?"

Alimaliza mguu wa pili kwanza, bila haraka.

"Kubebwa mara mbili kwa siku nimekuvumilia, mwanangu. Kubebwa mara saba, bora aje kaka yako anibebe mara moja tu, yaishe."

Nilitoka nje. Nilikuwa nimejikasirikia. Nilimwomba fundi radhi, vibaya, kisha nikachukua nyundo na tindo yake nikaenda kukivunja kile kizingiti. Nilipiga ovyo, vipande vikaruka hadi kwenye ndoo. Fundi akaninyang'anya, akakisawazisha mwenyewe mpaka chini, akasema maji ya bafu atayageuzia mteremko wa upande wa pili, kama alivyotaka kushauri tangu mwanzo.

Alasiri ile mama alijivuta kuelekea bafuni. Nilimfuata nyuma na kopo la maji, tayari kumsaidia. Alipofika ndani aligeuka, akalipokea kopo mkononi mwangu, akanifungia mlango.