Jirani Aliitwa Mwizi kwa Maji ya Bwawa Letu

Admin, jina langu lifiche, ila mji usiufiche. Watu wajue kwamba hata huku Sumbawanga, kwenye baridi ya kupasua midomo, kuna mtu ana bwawa la kuogelea uani kwake. Nina miaka thelathini na sita, nimeolewa, naishi Malangali na nina kiduka cha vifaa vya shule. Naandika hapa kwa sababu nyumbani kwangu nikifungua mdomo naambiwa nina kiherehere.

Msije mkadhani ni bwawa la hotelini. Ni lile la turubai nene linalosimamishwa juu ya ardhi kwa vyuma, maji yananifika kiunoni. Tulilinunua kwa ajili ya binti yetu wa miaka minane, nimwite Neema. Aliugua sana, na alipopona miguu ikabaki imelegea. Mtaalamu wa mazoezi akatuambia akiwa anaichezesha ndani ya maji itapata nguvu upesi. Sasa kasheshe: upande wangu na upande wa mume, hakuna hata mmoja anayejua kuogelea. Sisi ni watu wa mahindi na ulezi, maji mengi tunayajua kwenye sufuria ya ugali.

Aliyetuokoa ni jirani yetu, nimwite Mama Zuhura, mzaliwa wa mwambao wa Ziwa Tanganyika. Mchana jua likishapasha maji, alikuwa anakuja mwenyewe bila kuitwa, anamlaza Neema kifudifudi juu ya mikono yake. "Piga mguu, mama, piga kama unafukuza bata!" Neema anacheka, anapiga. Siku moja akasimama mwenyewe humo ndani, ameshika ukingo tu. Nililia kama nimefiwa, kumbe ni furaha.

Basi maji yakaanza kupungua. Tunajaza, asubuhi yameshuka. Ukizunguka nje ni pakavu, hakuna tope wala unyevu. Mume wangu akachungulia upande wa pili wa uzio, akaona bustani ya Mama Zuhura imestawi, spinachi nyeusi tii, na hiki ni kiangazi, bustani za wenzake zimeungua. Hakuuliza. Alimwita balozi wa nyumba kumi, watu wakajaa, akasema, "Huyu mama mchana anakuja kumwogelesha mtoto, tukilala anarudi na ndoo."

Mama Zuhura hakumtazama yeye, alinitazama mimi. "Mama Neema, na wewe unaamini hivyo?"

Kabla sijajibu mume wangu akadakia, "Anaamini." Mama Zuhura akajifunga kanga yake vizuri, akaondoka, na tangu hapo hajakanyaga kwetu.

Na maji yakaendelea kushuka! Mwizi kafukuzwa, geti lina kufuli, maji yanaondoka. Nikimuuliza mume ananiambia ni jua. Jua gani la Sumbawanga linalokunywa maji namna hiyo? Nikachukua ndoo, nikaijaza, nikaiweka kwenye ngazi ya bwawa, vyote viwili nikavitia alama. Kesho yake ndoo ilikuwa karibu palepale, bwawa limeshuka kiganja kizima. Jua likaondolewa lawama.

Nikaingia mwenyewe majini na gauni langu kutafuta tundu, meno yanagongana, mume kasimama pembeni ananicheka kama naogelea. Nilikoroga juisi ya unga ile nyekundu, nzito, nikaivuta kwa bomba la sindano, nikawa naiachia taratibu chini, kwenye mshono mmoja baada ya mwingine. Inaelea tu. Nilipofika katikati, kwenye mkunjo, wekundu ukavutwa chini kama uzi, ukapotea. Nikakanyaga pale, kitu kikanichoma wayo kupitia kwenye turubai. Mume akaacha kucheka.

Tulimwaga maji, tukalikunja turubai. Pale zamani palikuwa shamba, tena la ntumba, yale matuta ya mviringo ambayo ndani yake tunafukia majani yaoze yawe mbolea. Aliyesawazisha kiwanja ni mama mkwe, alikuja kutoka Msanzi kwa mapenzi yake. Alisambaza matuta kwa jembe, akatandika majani mengi ili mjukuu wake akanyage pororo, akafukia kwa udongo kidogo, vilevile anavyofanya shambani miaka yote. Majani yakaoza, udongo ukatitia, na shina la muhindi lililobaki humo, lililokatwa mshazari kwa panga, likatoboa turubai. Maji yalikuwa yanapita humo kwenye majani yaliyooza, yanateremka chini kwa chini mpaka kwenye spinachi za watu.

Tumeondoa majani, tumeshindilia udongo, tumetia kiraka. Nikamwambia, "Baba Neema, twende kwa balozi ukamsafishe yule mama."

"Nikasemeje? Kwamba mama yangu ndiye alitoboa bwawa la mjukuu wake? Ukoo mzima utamsema. Nyamaza, yatapita."

"Na Neema atashikwa na nani majini?"

"Utajifunza wewe."

Nilijaribu. Mtoto alinitoka mikononi, akameza maji, sasa akinisikia natamka bwawa anang'ang'ania kiti. Nimechoka jamani! Nilikwenda kwa Mama Zuhura kimyakimya, akanipokea vizuri tu, akaniambia, "Sina kinyongo na mtoto. Ila mimi niliitwa mwizi mbele za watu, sitarudi kwenu kwa kunyemelea."

Ana haki. Jana Neema kanikuta naokota majani kwenye maji, akaniuliza, "Mama, nilimkosea nini Mama Zuhura?"

Nikienda kwa balozi peke yangu, nimemvua nguo mama mkwe aliyetenda kwa upendo, na mume amekwishasema nikifanya hivyo nisirudi. Nikinyamaza, miguu ya mwanangu inazidi kulegea na bwawa limejaa hadi ukingoni. Ndugu zangu, mngekuwa ninyi, mngetoka hapa mkaelekea mlango gani?