Siku Saba za Bure

Mimi huuza mawese sokoni Kasongo, na kwangu bei hutajwa kabla ya mteja kuonja. Namdondoshea tone kiganjani, analamba. Asipopenda anajifuta na kwenda zake. Hakuna anayeuziwa mbuzi kwenye gunia. Basi mume wangu alipotia kwenye simu zetu programu ya kuonyesha mtu alipo, niliuliza bei kwanza. Akacheka.

"Siku saba ni bure, mama watoto. Tuonje kwanza."

Sikupenda. Kitu kinachoficha bei yake kinakuvizia. Nilikubali kwa sababu ya shimo tu. Msimu wa mvua uliopita, udongo wa machimbo ya Salamabila ulimzika mpaka kiunoni, na aliporudi nyumbani aliapa mbele ya mama yake kwamba hashuki tena. Angenunua na kuuza dhahabu huku juu, sokoni.

"Utakuwa unaniona mwenyewe," akaniambia. "Nikirudi mu shimo, utajua."

Akapanda pikipiki, akaenda. Kwenye kioo cha simu niliona nukta ya bluu ikipita Kabambare, ikafika Salamabila, ikakaa katikati ya soko. Siku ya nne na ya tano ilikuwa palepale, tangu asubuhi hadi jua kuzama. Nikipiga mchana hakushika. Jioni alipiga mwenyewe, sauti imemkauka, akasema soko lina kelele. Nilimwamini, maana nilikuwa nikimwona. Hata majirani niliwaringia kwamba wangu ametulia.

Siku ya saba jioni hakupiga. Nililala roho mkononi, na asubuhi nilipofungua programu, ilikuwa imefungwa. Siku za bure zimekwisha, lipa. Wala si pesa ya mwezi mmoja. Walitaka ya mwaka mzima kwa mpigo, dola arobaini. Nilitukana peke yangu jikoni. Aliyeitengeneza alijua vizuri ni saa gani mtu hana nguvu ya kubishana bei. Niliuza bidoni zangu zote za mawese kwa bei ya kutupa, nikalipa.

Nukta ikarudi. Ilikuwa palepale sokoni, haijasogea hata hatua. Nikaketi chini, nikamshukuru Mungu kwa sauti, kisha nikapiga simu nimgombeze.

Ikapokewa na mwanaume nisiyemjua.

"Mama, mimi niko mwenye kushaji masimu hapa sokoni. Wachimbaji wanaachaka simu kwangu mbele ya kushuka mu shimo, wanakuja kuzikamata mangaribi. Hii iko hapa tangu jana asubui."

Nikamwuliza kama mwenye simu hiyo alikuwa akishuka na wenzake.

"Kila siku, mama."

"Na jana, kwa nini hakuja kuichukua?"

Nyuma yake nilisikia watu wengi wakiita majembe yapelekwe shimoni.

"Mama," akasema polepole, "uko na mutu hapo karibu yako?"